Mjadala: Uanze ukaguzi wa msimbo au uanze uuzaji wa tokeni?

Kokotoa: Wakuu, kuna mradi wa blokucheni (daftari la miamala linalotunzwa na kompyuta nyingi) unachangisha fedha kwa kuuza tokeni, sarafu zake za kidijitali. Waraka wake unameremeta, ila nimefungua msimbo wao GitHub, tovuti ya kuwekea msimbo: folda ya majaribio tupu, mkataba wa tokeni, yaani programu inayozitoa na kuzihamisha, umenakiliwa hadi maelezo ya mwandishi wa kwanza yamo. Watu wanamwaga pesa hapo kwa kuangalia nini?

Chuma: Kunakili mkataba uliokwisha kukaguliwa ni busara, mkuu. Wa kukimbiwa ni anayejitungia wake. Kwani wewe umeandika mikataba mingapi?

Kokotoa: Mikataba yangu na folda yao tupu vinahusiana wapi?

Bi Salio: Mradi wa blokucheni wa EOS walikusanya kama dola bilioni 4 hadi 2018, na mtandao wenyewe ulikuwa bado haujawashwa. Nani alisoma msimbo? The DAO ya 2016, mfuko wa uwekezaji ulioendeshwa na msimbo kwenye blokucheni ya Ethereum, msimbo ulikuwa wazi kwa kila mtu, na bado wakaibiwa.

Chuma: Hawakuibiwa. Masharti yao wenyewe yalisema msimbo ndio wenye kauli ya mwisho. Mtu kautumia, basi.

Bi Salio: Kwa hiyo mwajiri akikosea akakuingizia mshahara wangu, ni wako?

Jongoo: Mnapigana bila kujua kilichotokea. Mkataba wa The DAO ulituma etha, sarafu ya Ethereum, kwanza, salio likapunguzwa baadaye. Mkataba wa mwizi kila ukipokea unaomba tena, salio halijaguswa. Zikaondoka etha milioni 3.6. Mistari miwili ingebadilishana nafasi, tusingekuwa hapa. Na hatari ya aina hiyo ilishaandikwa hadharani siku chache kabla, wahusika wakajibu fedha ziko salama.

Chuma: Umenisaidia, Jongoo. Msimbo ulifanya ulichoandikiwa. Waliovunja sheria ni watu wa Ethereum waliorudisha historia nyuma Julai ile ya 2016 ili waliopoteza warudishiwe.

Jongoo: Historia haikurudishwa. Zilihamishwa salio tu, kwenye mkataba wa kurudishia wenyewe.

Chuma: "Tu"!

Bi Salio: Kaka, unazo Ethereum Classic ngapi, sarafu ya waliokataa marekebisho yale? Uchungu huu si wa bure.

Chuma: Pochi yangu haikuhusu, dada.

Kokotoa: Jamani, mradi ninaouliza unafunga mauzo wiki hii.

Jongoo: Soma mwenyewe nani ana mamlaka ya kutengeneza tokeni mpya. Kama ni ufunguo mmoja wa mtu mmoja, majaribio yawepo yasiwepo, kaa mbali.

Chuma: Bi Salio, nikuulize. Pochi za etha za Parity, Novemba 2017: mtu kaikuta maktaba ya msimbo zinayoitegemea haina mmiliki, kajimilikisha, kaifuta. Etha zaidi ya 500,000 zikafungwa. Hao mbona hawakurudishiwa? Au huruma ina majina?

Bi Salio: Hapo hakuna aliyebeba kitu. Mwizi na mharibifu ni watu wawili.

Chuma: Aliyepoteza anaumia tofauti?

Bi Salio: Usinikwepe. Mshahara wangu unarudisha, hurudishi?