Milioni 15 za kahawa: bangili za sonara, vipande vya Dubai au dhahabu ghafi ya Chunya?

Mkulima wa Mbozi

Salaam kwenu wote. Msimu wa kahawa umekwisha, ada za watoto nimelipa, mbolea nimenunua, na nimebakiwa na shilingi milioni 15 ambazo sitarajii kuzigusa kwa miaka mitano. Kiwanja ninacho na ng'ombe ninao. Safari hii nataka dhahabu, tena ile ya kushika mkononi, siyo hisa za kampuni ya uchimbaji wala tarakimu kwenye simu.

Njia zilizo mbele yangu ni tatu. Sonara mmoja wa Mbeya mjini ana mikufu na bangili za karati 21. Shemeji yangu, ambaye husafiri Dubai kufuata vipuri kila baada ya miezi miwili, anaweza kuniletea vipande vya gramu 10 vyenye muhuri. Na jirani yangu, ambaye kaka yake anachimba Chunya, ananiuzia dhahabu ghafi kwa bei iliyo chini ya ile ya soko kwa kiasi cha kutamanisha. Nimezoea kuuza kahawa, kwa hiyo mizani na unyevu navifahamu, dhahabu siifahamu. Ninyi mliokwisha kununua na kuuza, mnaonaje?

Sonara Mstaafu

Ndugu Mkulima, swali lako umelianzia upande wa kununua, na karibu kila mteja niliyemhudumia katika miaka 31 ya usonara alianzia hapo hapo. Jiulize kwanza: siku utakapouza, nani atainunua, na atakata kiasi gani?

Bei ya dunia hutajwa kwa wakia, yaani gramu 31.1 za dhahabu tupu, ambayo ndiyo karati 24. Karati 21 ina sehemu 875 za dhahabu katika 1,000, na karati 18 ina sehemu 750. Kwa hiyo mkufu wa karati 21 wenye gramu 20 una dhahabu gramu 17.5, hizo 2.5 nyingine ni shaba na fedha, ambazo siku ya kuuza hakuna atakayekuhesabia.

Sasa chukua kwamba dhahabu iliyomo ina thamani ya shilingi 100. Sonara anaongeza ujira wa kazi yake, tuseme 15, na hapo sijagusa kodi ya ongezeko la thamani katika duka lililosajiliwa. Unatoa 115. Ukiirudisha kesho yake, mimi naitazama kama chuma cha kuyeyushwa: naondoa hasara ya moto, naondoa lehemu, naweka faida yangu, nakupa 95. Bei ya dhahabu lazima ipande kwa asilimia 21 ndipo wewe urudi pale ulipoanzia. Na kadiri nakshi inavyokuwa nzuri ndivyo unavyoumia, kwa sababu ujira wake ni mkubwa na moto hauujui. Kama ni lazima ununue kwa sonara, chukua bangili nene isiyo na nakshi wala kito, na udai risiti inayotaja uzito, karati na ujira, kila kimoja kwenye mstari wake.

Bint Unguja

Namuunga mkono mzee wangu hapo juu, na ninayo kovu la kuthibitisha. Seti yangu ya harusi, mkufu, hereni na pete, ilikuwa gramu 43 kwenye risiti. Miaka minne baadaye, mume wangu akiwa amelazwa, niliipeleka kwenye duka lile lile lililotuuzia, nikaambiwa kwamba wao huuza tu na hawanunui. Duka la pili lilinipokea. Fundi aliketi mbele yangu, akang'oa vito kimoja kimoja kwa koleo ndogo na kuviweka kwenye kisahani, kisha akapima kilichobaki: gramu 36. Vito tulivyolipia kama dhahabu vilikuwa vioo.

Halafu akaisugua pete kwenye jiwe jeusi mpaka ikaacha mchirizi wa manjano, akasugua kando yake sindano yake ya karati 21, akadondoshea tindikali juu ya michirizi yote miwili. Wa sindano ulibaki. Wa pete yangu ulififia mbele ya macho yangu kama wino kwenye maji. Ilikuwa karati 18. Mkufu ulisalimika, lakini pete na hereni zilihesabiwa kwa 18, na risiti niliyokuwa nayo ilisema "seti ya dhahabu" bila neno jingine lolote. Sijutii kuivaa siku ya harusi. Ninachojutia ni kuiita akiba.

Wakili wa Kata

Mimi nitagusa dhahabu ghafi peke yake, kwa kuwa ndiyo njia inayoweza kumfikisha Mkulima mahakamani. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inamkataza mtu kumiliki madini bila kuwa na haki ya madini, yaani leseni ya kutafuta au kuchimba, au leseni ya biashara ya madini. Leseni hizo za biashara ziko za namna mbili: ya broka, anayenunua na kuuza humu nchini, na ya mfanyabiashara mkubwa, ambaye anaruhusiwa pia kusafirisha nje. Bangili uliyoivaa haimhusu mkaguzi. Kinundu cha manjano kilichofungwa kwenye karatasi ya nailoni kinamhusu sana.

Mwaka 2019 Serikali ilianzisha masoko ya madini, la Geita likifunguliwa mwezi Machi, na Chunya nayo ina soko lake. Mchimbaji halali huipeleka dhahabu yake pale, ikapimwa uzito na usafi, mrabaha, yaani sehemu ya thamani ya madini inayolipwa Serikali, na ada vikakatwa, naye akaondoka na stakabadhi. Kumbuka kwamba mwaka 2017 mrabaha wa dhahabu ulipandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6, na ada ya asilimia 1 ikaongezwa juu yake. Punguzo analokupa jirani yako linatoka hapo: anakuuzia kile ambacho Serikali ilipaswa kulipwa, pamoja na hatari ya kukamatwa nacho. Na wewe siku ya kuuza utakuwa na mlango gani? Soko halitakupokea bila kuuliza umeipata wapi, kwa hiyo utamwuzia mlanguzi, naye anajua kwamba huna pa kwenda.

Kahama 2010

Niongeze kidogo kwa upande wa mgodini. Dhahabu iliyokamatwa kwa zebaki ikachomwa juu ya jiko huonekana safi, lakini huwa na matundu kama sifongo, na ndani yake mna fedha ya asili na mara nyingi mabaki ya zebaki. Ukiiyeyusha inapungua. Wachimbaji wawili wa vijiji jirani wanaweza kuleta vinundu vya uzito mmoja vyenye usafi tofauti kabisa, na jicho halitambui. Sisi tuliokulia huko hatununui kwa macho, sembuse mtu wa kahawa.

Deira Mswahili

Assalam alaykum. Ninaishi Dubai na duka ninalofanyia kazi liko hatua chache kutoka soko la dhahabu la Deira, kwa hiyo nieleze jinsi mambo yanavyokwenda huku. Bei ya gramu ya karati 24, 22, 21 na 18 huonyeshwa wazi dukani, nayo hubadilika kwa kufuata bei ya dunia. Usipoteze muda kuijadili. Kinachojadiliwa ni ujira, na hapo muuzaji hupungua sana. Mapambo hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 tangu Januari 2018, ilhali vipande vya uwekezaji vyenye usafi wa asilimia 99 na kuendelea hutozwa kwa kiwango cha sifuri.

Vipande vidogo vina nyongeza kubwa kwa kila gramu, kwa sababu gharama ya kukipiga chapa na kukifunga kipande cha gramu 1 haitofautiani sana na ya gramu 10. Tuchukue nyongeza ya 3 juu ya 100, na makato ya 2 wakati wa kuuza: unatoa 103 na kupokea 98, kwa hiyo bei ikipanda kwa asilimia 5 na kidogo umerudisha chako. Linganisha na ile 21 ya mzee Sonara.

Kuna sharti moja, hata hivyo. Hesabu hiyo ya 98 ni ya huku. Sonara wa Mbeya ambaye hajaizoea chapa ile anaweza kuipima na kuikata kama chuma chakavu. Kwa hiyo anayenunua kwa njia hii awe na uhakika wa kurudi kuuza huku, au amtafute mnunuzi wa Dar es Salaam mapema, kabla ya kununua. Kadi iliyofunga kipande isifunguliwe kamwe, kwani namba iliyo juu yake ndiyo inayomwepusha mnunuzi na kazi ya kupima upya. Na msafiri anayepita forodha ya huku na fedha taslimu, madini ya thamani au vito vinavyozidi dirhamu 60,000 lazima avitangaze. Akifika nyumbani, atangaze pia na aonyeshe ankara.

Fundi Mizani

Naomba kuuliza: je, kipimo cha maji hakitoshi? Dhahabu tupu ni nzito mara 19.3 kuliko maji, hivyo kipande cha gramu 10 husukuma maji nusu mililita hivi.

Sonara Mstaafu

Kinatosha kumkamata mtu aliyepaka shaba rangi. Hakimkamati aliyeficha ndani tangsteni, metali nyingine nzito, kwa sababu uzito wake ni 19.25, karibu sawa kabisa na dhahabu. Mashine ya mionzi nayo husoma ngozi ya juu tu. Ndiyo maana vipande vyembamba ni salama zaidi kuliko vinene: ni vigumu kujaza kitu ndani yake. Sarafu nazo zina faida hiyo, maana upana, unene na uzito wake vinajulikana. Krugerrand ya Afrika Kusini, inayopigwa tangu 1967, ina gramu 33.93, na ndani yake mna wakia moja kamili ya dhahabu.

Nesi wa Leicester

Kwa walio Uingereza kama mimi, sarafu ya Sovereign, yenye dhahabu tupu gramu 7.32, ina nafuu nyingine: kwa kuwa ni fedha halali ya nchi hii, faida yake haitozwi kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi wa hapa. Kwa Mkulima haimsaidii, lakini huenda anaye ndugu huku.

Mzee wa Hesabu

Kila mmoja anazungumza kana kwamba bei hupanda tu. Januari 1980 wakia ilifika dola 850, na aliyenunua siku ile alisubiri hadi Januari 2008 kuiona bei hiyo tena, bila kuhesabu mfumuko wa bei uliokula fedha yake katikati. Mwaka 2011 ilipita dola 1,900. Desemba 2015 ilikuwa imeshuka karibu na 1,050. Ng'ombe wa Mkulima wanazaa, na dhahabu haizai. Kodi ya sanduku la kuihifadhi benki ndiyo inayozaa, kila mwaka. Miaka mitano ni mifupi kwa mali ya namna hii. Ningeweka theluthi, zisizidi milioni 5.

Mkulima wa Mbozi

Nawashukuru wote. Juzi nilimwambia jirani kwamba nitanunua, ila twende pamoja mpaka soko la Chunya, ipimwe pale na nipewe stakabadhi. Akasema atazungumza na kaka yake kwanza. Tangu hapo, kila nikipita kwake mkewe ananijibu akiwa dirishani.

Ushauri wa Mzee wa Hesabu nimeupokea: zitakuwa milioni 5, nazo zitakwenda kwa awamu katika safari tatu za shemeji, ili nisinunue zote kwa bei ya siku moja. Vipuri vyake anavinunua hapo hapo Deira, kwa hiyo hata kuuza atapita njia ile ile. Lililobaki kwangu ni moja: nitajuaje kwamba kipande alichonunua dukani ndicho atakachonikabidhi Vwawa? Shemeji namwamini, lakini mizigo yake hupita mikono mingi.

Deira Mswahili

Akiwa bado mbele ya muuzaji, aweke kadi juu ya ankara, namba ya kadi na namba iliyoandikwa kwenye ankara zikisomeka pamoja, apige picha na kukutumia kabla hajatoka dukani. Ankara iandikwe jina lako. Vipande avibebe mwilini, visiwekwe kwenye mzigo wa vipuri.