Oti Inakunywa Maji, Iachie

Kikundi: NYUMBA YA MAKORORA
Jumamosi asubuhi

Zuhura: [picha]
Zuhura: Jamani hii ni nini? Nimefuata maelezo ya Da Mwanaidi neno kwa neno, nimetoka na makoko

Hamisi: Hiyo chapati ya maji au ramani ya visiwa? 😂

Zuhura: Kaka Hamisi usinianze. Baba ameshakaa mezani

Mwanaidi: Pole mdogo wangu. Rojo uliliacha likakaa?

Zuhura: Likae lifanye nini? Nimesaga nikamimina

Mwanaidi: Hapo ndipo. Oti si ngano. Ngano ina mnato unaoshika chapati, oti haina. Kinachoishika ni yai na ute wa oti yenyewe ikishakunywa maji. Iachie robo saa, we kaoshe vyombo

Zuhura: Mayai yamebaki mawili

Mwanaidi: Yanatosha. Oti kikombe 1, isage kavu kwanza iwe unga. Kisha mayai 2, maziwa kikombe 1, chumvi kidogo, iliki, washa blenda tena. Ukirudi utalikuta zito kama uji wa mzazi. Ongeza maji kidogo kidogo mpaka litiririke kwenye upawa

Shangazi Rehema: Sukari hujaitaja

Mwanaidi: Shikamoo shangazi. Haimo

Shangazi Rehema: Marahaba. Chapati ya maji bila sukari? Mnampikia mgonjwa?

Mwanaidi: Si ndiye mgonjwa mwenyewe 🙈

Baba: Nasoma.

Hamisi: 😂😂😂 shikamoo Baba

Bamdogo Seif: Kwani oti si ndiyo shayiri? Mbona uji wake tunakunywa kila Ramadhani

Mwanaidi: Watu wanaziita shayiri zote mbili Bamdogo, ila ni nafaka tofauti. Zote zina ule ute, beta-glukani, unaochelewesha sukari kuingia kwenye damu. Ila chukua zile bapa nene. Zile za dakika moja zimeshaiva nusu, hata tumbo halipati kazi

Bamdogo Seif: Haya daktari

Zuhura: Rojo tayari. Tatizo frampeni, linashika

Shangazi Rehema: Lipate moto kwanza. Rushia tone la maji, likichezacheza, punguza moto. Kata kitunguu nusu, kichome uma, chovya mafuta upakie. Vibibi vya mchele tulipika hivyo hivyo, hayo maframpeni yenu yasiyoshika hayajazaliwa

Mwanaidi: Na usiigeuze kwa pupa! Juu pakauke, kingo zijiinue zenyewe

Zuhura: Ya kwanza imechanika
Zuhura: Ya pili [picha]

Hamisi: Eeeh! Hiyo sasa unaweza kusomea gazeti

Shangazi Rehema: Mashaallah, ina vitundu kabisa

Zuhura: Ndani niweke nini? Kuna ndizi mbivu na siagi ya karanga

Mwanaidi: Ndizi nusu tu, karanga kijiko

Baba: Mchuzi wa samaki wa jana haukuisha.

Zuhura: Baba upo hapo mezani, si uniite tu

Baba: Jikoni kuna blenda, husikii.

Mwanaidi: Mchuzi ndiyo bora zaidi kuliko ndizi. Ila toa iliki kwenye rojo lililobaki

Zuhura: Iliki naitoaje dada, imeshasagika 😩

Shangazi Rehema: Mchuzi wa nazi na iliki haviko mbali. Mpe

Mama: Asalaam aleikum. Huku Pangani mtandao wa kubahatisha. Amekula ngapi?

Zuhura: Waaleikum salaam, shikamoo Mama. Tatu, anaulizia ya nne

Mama: Marahaba. Tatu basi. Umpime sukari zikipita saa mbili, ile siku ya mkate wa boflo ilisoma 12

Baba: Boflo lenyewe lilikuwa dogo.

Hamisi: Baba, mawili

(Saa nne na nusu)

Zuhura: [picha] 8.6

Bamdogo Seif: Alhamdulillah

Mwanaidi: Nzuri, ila siku moja haitoshi kusema kitu. Kesho tena chapati zile zile, mpime tena

Zuhura: Mama, kabla hajala alipekua kabati zima la jikoni. Alikuwa anatafuta asali

Mama: [picha]
Mama: Chupa hii hapa. Nimesafiri nayo