Mzazi kumsogeza mtoto mdogo kwa mnyama hatari: malezi au uzembe?

Mtazamaji
Wadau, naomba tulijadili hili bila matusi. Jumapili nilikuwa kwenye bustani ya wanyama. Mbele yangu baba mmoja alimnyanyua mwanawe, wa miaka miwili hivi, akamsimamisha juu ya ukuta mfupi wa kizimba cha simba ili aone vizuri. Mkono mmoja umemshika mtoto kiunoni, wa pili umeshika simu, anapiga picha. Simba jike aliyekuwa amelala kivulini akainua kichwa. Sisi watu wazima tuliojipanga pale hakutujali. Alimkazia macho yule mtoto tu, wala hakupepesa. Nikasema, "Kaka, mshushe mtoto." Akanijibu, "Ni mwanangu, namjua mwenyewe." Watu wakanigeukia mimi kana kwamba ndiye niliyekosea.

Nikamkumbuka Steve Irwin, yule Mwaustralia wa vipindi vya mamba kwenye televisheni, aliyeingia kizimba cha mamba amembeba mwanawe wa mwezi mmoja huku anamlisha mamba kuku. Dunia ilipiga kelele. Nauliza: mzazi ana haki ya kumweka mtoto mdogo jirani na mnyama anayeweza kumuua, hata kama mzazi mwenyewe ni fundi wa wanyama hao?

MamaMapacha
Hana. Mtoto wa mwezi mmoja hata shingo haijakaza. Irwin alikuwa fundi, sikatai, lakini ufundi ulikuwa wake, mtoto hakuwa nao. Iangalieni ile picha: mkono mmoja una nyama, mwingine una mtoto. Akiteleza kwenye matope atajishika na upi?

Halafu wanaotetea mambo haya siku zote ni wanaume ambao hawajawahi kuamka usiku kubadili nepi.

Kisiki
Dada, mimi nimelea watoto watatu peke yangu tangu mdogo wao akiwa na miezi minne. Nepi nimebadili, homa nimekesha nazo, uji nimepika nikiwa nasinzia. Usinijumlishe na watu usiowajua.

Sasa tuje kwa Irwin. Baba yake alimpa chatu alipotimiza miaka sita. Akiwa na tisa alikuwa anamsaidia baba yake kukamata mamba. Ndivyo alivyojifunza, na akaja kuwafundisha mamilioni ya watu kuwapenda wanyama ambao wangewaua kwa mawe. Na huyo kichanga mnayemlilia, Robert, mwaka 2019 alitoa picha yake akimlisha mamba yule yule, Murray, mahali pale pale. Kijana wa miaka 15, mzima, mjuzi, anapenda kazi yake. Hayo ndiyo malezi.

Ninyi mnaolia na mamba ndio mnaowalaza mbwa na watoto chumba kimoja. Mbwa mzima ana meno 42. Mamba angalau yuko nyuma ya uzio.

BabaSifa
Kisiki, hapo umenigusa pabaya. Usimlinganishe mbwa na mamba. Mbwa wangu nimemlea kwa chupa tangu hajafumbua macho, huu mwaka wa saba. Binti yangu ana miaka miwili: anamvuta masikio, anampanda mgongoni, anatia mkono kwenye bakuli lake wakati anakula. Mbwa hafanyi kitu. Anatulia tuli, kichwa kwenye bakuli, anasubiri mtoto aondoke. Mamba gani atakuvumilia hivyo? Usiyemjua mbwa usimseme.

Kisiki
Umenisaidia kujibu. "Nimemlea tangu mdogo." Ndivyo alivyosema kila aliyeng'atwa.

BabaSifa
Unaniita mzembe mbele za watu?

Kisiki
Nimesema ulichoandika mwenyewe.

Chui2
Turudi kwa Irwin. Si alishtakiwa yule, akapigwa faini?

Mpekuzi
Hapana, hakushtakiwa. Tukio lilikuwa tarehe 2 Januari 2004, kwenye bustani ya familia yake huko Queensland. Wakuu wa pale walilichunguza, hawakumfungulia mashtaka. Ila baadaye jimbo lilibadili kanuni: mtoto, au mtu mzima asiye na mafunzo, haingii tena kizimba cha mamba. Mwenyewe alijitetea kwamba mamba alikuwa mbali kuliko kamera ilivyoonyesha na kwamba kila kitu kilikuwa mikononi mwake.

Niongeze kuhusu hili la "nimemlea mwenyewe." Miezi mitatu tu kabla ya hapo, Oktoba 2003, Roy Horn, mwanamazingaombwe wa Las Vegas, alishikwa shingo na chui milia wake mweupe mbele ya watazamaji. Alimlea tangu akiwa mdogo na kufanya naye maonyesho miaka mingi. Horn alipona, lakini mwili haukurudi kama zamani. Kama yeye alishindwa kusoma dalili usiku ule, baba wa simu na ukuta atazisoma?

Chui2
Kumbe. Na Irwin si ndiye aliyekuja kuuawa na mamba?

Mpekuzi
Taa. Samaki taa, Septemba 2006, alikuwa baharini anarekodi kipindi. Mwiba ulimpata kifuani.

MuuguziWaZamu
Nimesoma nikiwa zamu, nimeshindwa kunyamaza. Mimi napokea majeruhi. Mamba sijawahi kumpokelea mtoto. Mbwa, siwezi kuwahesabu.

BabaSifa, usichukie, nisikilize. Mtu mzima akiumwa na mbwa, mara nyingi ni mguu au mkono. Mtoto wa miaka miwili uso wake uko usawa wa mdomo wa mbwa. Tunashona mashavu, midomo, kope. Na karibu kila mzazi anayeingia amebeba mtoto mwenye taulo la damu usoni anasema neno moja: "Hajawahi kufanya hivi."

Kuna na kichaa cha mbwa. Kinaua watu wapatao 59,000 kwa mwaka duniani kwa makadirio ya Shirika la Afya, na karibu wote wamekipata kwa mbwa. Kati ya kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa nacho, 4 ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishatokea, hakuna daktari wa kukuokoa. Kwa hiyo mtoto akiumwa, hata mkwaruzo tu, osha kidonda kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, kisha wahi chanjo siku hiyo hiyo. Msisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Jambo la mwisho. Hiyo "anatulia tuli, kichwa kwenye bakuli" imenitia wasiwasi kuliko yote uliyoandika. Mbwa aliyestarehe mwili wake hulegea, haugandi. Mwangalie vizuri.

BabaSifa
Sista, kwa heshima, hujamwona mbwa wangu. Amechanjwa kila mwaka, kadi ninayo. Nimekuja hapa kuchangia mada ya mamba, nimegeuzwa mshtakiwa. Nyumbani kwangu mimi ndiye ninayejua nani anamtisha nani.

MamaMapacha
BabaSifa, yule wa ukutani naye alisema hivyo hivyo: "namjua mwenyewe."

Kisiki, kaka yangu, pole. La nepi nalifuta, sikujua. Ila la mkono mmoja silifuti, na hujalijibu.

Kisiki
Nimepokea, dada, yameisha. Nakujibu. Wewe unaona hatari ya kuteleza, mimi naona hatari ya kumlea mtoto anayezimia akiona mjusi. Woga nao unaua. Mtoto aliyefundishwa kupiga ukunga na kukimbia, mbwa atamfukuza. Aliyefundishwa kusimama na kutulia atanusurika.

Na wanyama wana huruma kuliko mnavyowasingizia. Mwaka 1986, bustani ya wanyama ya kisiwa cha Jersey, Ulaya, mtoto wa miaka mitano alitumbukia kwa magorila, akazimia. Dume kubwa, Jambo, alisimama kati yake na wenzake, akawa anampapasa mgongoni. Mwaka 1996 kule Brookfield, Marekani, jike aitwaye Binti Jua alimwokota mtoto wa miaka mitatu aliyeanguka, akambeba hadi mlangoni kwa walinzi, huku mwanawe mwenyewe kamng'ang'ania mgongoni.

Chui2
Jambo na Binti Jua! Majina yetu kabisa. Nani aliwapa?

MamaMapacha
Na Harambe je? Naye ana jina letu. Cincinnati, Marekani, Mei 2016, mtoto wa miaka mitatu alipenya uzio akaangukia kwenye handaki la maji. Gorila akamburuta majini, hakuna aliyejua ni ulinzi au ni hasira, ikabidi apigwe risasi. Alikuwa na miaka 17. Mtoto akapona, mnyama akafa kwa kosa lisilo lake. Ndiyo maana nasema haki ya mzazi haiishii kwa mtoto wake. Wewe unacheza kamari, anayelipa ni mwingine.

Chui2
Wale walifanya haraka, wangempiga sindano ya usingizi.

Mpekuzi
Dawa ya usingizi haifanyi kazi papo hapo. Inachukua dakika kadhaa, na mnyama aliyechomwa huanza kwa kuchachamaa. Na mtoto yuko mikononi mwake.

Chui2
Basi walaumiwe waliojenga uzio wa kupenyeka. Mzazi ana macho mawili tu.

MamaMapacha
Macho mawili yanatosha kama hayako kwenye simu.

Chui2
Mama wa yule mtoto wa Cincinnati alikuwa kwenye simu? Una hakika gani? Mnapenda sana kuwahukumu akina mama.

MamaMapacha
Nilimaanisha baba wa simba, aliyetajwa hapo juu kabisa. Soma kwanza.

MfugaNyoka
Nafuga chatu kumi na mmoja, na nina mtoto wa miaka minne, kwa hiyo naongea kama mtu wa ndani. Kisiki anasema kweli kwamba mtoto hafundishwi ujasiri kwa kufichwa. Lakini anachanganya kuonyesha na kukabidhi.

Wangu ana mstari wa utepe mwekundu sakafuni, hatua mbili kutoka kwenye vioo. Akifika pale anaweka mikono nyuma mgongoni mwenyewe, bila kuambiwa. Anajua kwamba chatu akikunja shingo umbo la S tunarudi nyuma. Anajua nikishika panya wa kulisha yeye anatoka chumbani, kwa sababu mkono wenye harufu ya panya, machoni pa nyoka, ni panya. Yote hayo amejifunza bila kumgusa hata mmoja.

Na meno si hatari pekee. Wanyama watambaao hubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, kwenye ngozi na kinyesi, wenyewe wazima kabisa. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wadogo, wenye gamba chini ya inchi nne, sentimita kumi hivi, kwa sababu watoto walikuwa wanawaweka mdomoni na kuugua. Ushauri wa wataalamu ni mtoto chini ya miaka mitano asiwashike kabisa. Kobe! Mnyama ambaye hakuna mzazi anayemwogopa.

Kisiki
Huo mstari wa utepe nimeupenda. Mimi sijawahi kusema mtoto akabidhiwe.

MamaMapacha
Irwin alimkabidhi nani nini, basi? Mtoto wa mwezi mmoja hajifunzi kitu pale. Haoni hata mita moja sawasawa. Ile haikuwa shule yake, ilikuwa maonyesho ya watu wazima.

Kisiki
Kwa kichanga, nakubali. Kwa wa miaka sita, sikubali.

Mtazamaji
Niliuliza watoto wadogo, sasa tumefika miaka sita. Na yule wa ukutani hakuwa fundi wala mfugaji. Huyo tunamwambia nini?

Chui2
Mpige picha umpe mlinzi.

BabaSifa
Nimekaa kimya siku mbili. Nilikasirika, nikataka kumrekodi mbwa wangu ili nimwonyeshe muuguzi jinsi anavyomvumilia binti yangu. Jana jioni nikamwekea chakula, nikachuchumaa na simu. Mtoto akaja kama kawaida, akatia mkono.

Mbwa aliacha kutafuna. Chakula kiko mdomoni, taya haisogei. Mwili mzima ukakakamaa, mkia chini, masikio yamelala nyuma. Kichwa hakikugeuka, lakini jicho liligeuka likamfuata mtoto, nikaona weupe wake wote, kama mwezi mwembamba. Akalamba pua mara mbili, haraka haraka. Kisha nikasikia sauti ndogo kooni ambayo sijui nimekaa nayo miezi mingapi bila kuisikia. Nilimnyakua mtoto na simu ikaanguka.

Mbwa wangu nampenda, simtoi. Lakini leo nimefunga geti la mbao mlango wa jikoni, anakulia ndani peke yake. Sista muuguzi, samahani. Nielekeze, kuna dalili gani nyingine nimekuwa naziita uvumilivu?