Sanamu ya Pancho Villa mjini Tucson: ibaki au ing'olewe?

Mkazi wa Tucson
Wakuu, poleni na majukumu. Mliopita katikati ya mji wa Tucson, Arizona, mmeiona ile sanamu ya shaba ya jamaa kapanda farasi kwenye bustani ya Veinte de Agosto. Ndiye Pancho Villa, jenerali wa mapinduzi ya Meksiko. Ililetwa 1981, zawadi kutoka Meksiko. Juzi kazini watu wawili nusura washikane mashati kwa ajili yake. Mmoja anasema ni gaidi: alfajiri ya Machi 9, 1916 watu wake walivuka mpaka wakauchoma moto mji wa Columbus, New Mexico. Mwingine anasema ni mtetezi wa wanyonge. Nyie mnaonaje?

Mpare Mbishi
Ing'olewe jana! Nchi gani inamwekea sanamu mtu aliyeivamia? Waliuawa Wamarekani kama 18, wengi wao raia. Akatumwa Jenerali Pershing wa Marekani kumsaka, na askari wapata elfu kumi, wakahangaika jimbo la Chihuahua huko Meksiko karibu mwaka mzima, wakarudi mikono mitupu. Halafu unampa bustani! Na mwizi wa ng'ombe yule, na wake ishirini na ushee. Mtu gani huyo?

Mwana wa Uvira
Ndugu yangu, mwizi wa ng'ombe za nani? Villa, kwa jina la kuzaliwa Doroteo Arango, alikuwa mtoto wa wakulima wasio na ardhi huko Durango. Alipokuwa gavana wa Chihuahua, mwishoni mwa 1913, alitaifisha mali za akina Terrazas, matajiri waliomiliki ardhi usiyoweza kuimaliza kwa farasi. Akafungua shule, akateremsha bei ya nyama mjini. Hayo huyataji.

Bintilamu
Mimi naomba kuuliza tu. Wake ishirini na ushee, kaka Mpare, uliwalisha wewe? Bibi yangu alikuwa mke wa tatu na aliishi kwa heshima zake mpaka anazikwa. Mkikosa hoja mnakimbilia mitala.

Mpare Mbishi
Dada, mitala ina masharti yake. Huyu alikuwa anaoa kama anavyobadilisha farasi, na ndoa ya kwanza bado iko hai. Usimchanganye na bibi yako.

Bintilamu
Aliyemtaja bibi yangu kwa ubaya ni nani sasa? Mke aliyetambulika ni Luz Corral. Alilea mpaka watoto wa wenzake. Nyumba yao ya Chihuahua aliigeuza makumbusho, na lile gari lenye matundu ya risasi alilouawa nalo mumewe pale Parral mwaka 1923 aliliweka humo humo, watu waje walione. Kafa 1981, mwaka uleule sanamu ya Tucson iliposimamishwa. Mwenye mume hakulalamika, wewe wa Same unalia nini?

Fundi Seremala
Jamani, mada. Columbus wenyewe, waliochomewa mji, wana bustani ya jimbo yenye jina la Pancho Villa, palepale ilipokuwa kambi ya jeshi ya Furlong iliyoshambuliwa. Waliofiwa wameweza kuishi na jina lake. Tucson ambako hakuvamia mnasema iondoke. Kwa hoja ipi?

Mama Kigamboni
Dada Bintilamu, kutolalamika si kuridhika. Mama zetu wangapi walinyamaza kwa sababu hawakuwa na pa kwenda? Msiwafanye ushahidi.

Bintilamu
Mama, shikamoo. Hapo umenigusa, lakini nilikuwa namjibu Mpare.

Kijana wa Kakamega
Tucson hakuvamia, sawa. Lakini Sonora iko hapo chini tu ya mpaka, na familia nyingi za Kimeksiko za Tucson asili yao ni huko. Desemba 1915, kijiji cha San Pedro de la Cueva, aliamuru wanaume wakusanywe wapigwe risasi, na padri aliyekuja kuwaombea akauawa pia. Kwa mjukuu wa kijiji kile huyo ndiye shujaa? Na Wachina mia tatu waliouawa mjini Torreón, Meksiko, mwaka 1911 mnawasahau.

Mwana wa Uvira
Torreón usimtwishe. Waliowaua walikuwa askari wa Madero, kiongozi wa mapinduzi wakati huo, na Villa hakuwepo. Siku hizo ndiyo kwanza yeye na wenzake wametoka kuiteka Ciudad Juárez, kaskazini kabisa.

Kijana wa Kakamega
Torreón nimekuachia. Lakini 1916 watu wake waliua Wachina Chihuahua, na San Pedro umeiruka.

Mpare Mbishi
Anaruka kila kitu huyo. Kwani nyinyi Wakongo 2005 Kinshasa sanamu ya Léopold II, yule mfalme wa Ubelgiji, iliporudishwa mlifanyaje? Haikumaliza hata siku, ikashushwa. Kwenu sawa, kwa Mmarekani dhambi?

Mwana wa Uvira
Usinitajie Léopold na Villa kwa pumzi moja. Mmoja alikuwa mfalme wa Ulaya, watu wetu walikatwa mikono kwa ajili ya mpira wake. Mwingine mtoto wa shamba. Kama huoni tofauti, mimi na wewe hatuna mazungumzo.

Mkazi wa Tucson
Taratibu wakuu. Kinachonichekesha mimi ni Meksiko yenyewe. Serikali ilimsaka miaka, halafu 1966 jina lake likaandikwa bungeni kwa herufi za dhahabu, na 1976 mifupa ikahamishiwa kwenye mnara wa mapinduzi, Mexico City. Tena bila kichwa, maana kaburi la Parral lilifukuliwa 1926 kichwa kikaibwa.

Mama Kigamboni
Kichwa kiliibwa na nani?!

Kijana wa Kakamega
Wengine huwataja wanafunzi wa chuo kikuu cha Yale, wengine tajiri fulani wa Marekani. Porojo tupu.

Fundi Seremala
Kwa hiyo ya Columbus hakuna wa kunijibu?

Mpare Mbishi
Nitakujibu Bintilamu akishafuta neno "Same".

Bintilamu
Silifuti.