Mjadala: Mtengenezaji mdogo wa biodizeli apimwe kwa kipimo kilekile cha kiwanda kikubwa?

Mleta mada:
Wakuu, naomba tulijadili hili bila jazba. Kuna hoja inazunguka sana kati yetu tunaotengeneza biodizeli, yaani dizeli inayopikwa kutokana na mafuta ya mimea au ya wanyama, kidogo kidogo, kwamba viwango vya ubora vimewekwa ili kuwaua wadogo, kwa hiyo mtu anayepika lita 200 kwa mara moja aachwe auze bila kusumbuliwa na habari za maabara. Mimi nami napika, mwaka wa nne sasa, na nasema hapana, kiwango kiwe kilekile.

Kinachotumaliza ni mafuta ya kuanzia. Hayo peke yake yanakula robo tatu ya gharama yote, wakati mwingine zaidi. Zamani mafuta yaliyokwisha kukaangia mtu alikuwa anakuomba umwondolee, leo viwanda vinavyotengeneza dizeli kwa haidrojeni vinayatafuta hayohayo, mpaka ya kutengenezea mafuta ya ndege, na vinanunua kwa mkataba wa mwaka mzima. Mdogo anaachiwa mabaki, yana maji, yana makombo, yana tindikali. Na tindikali ikishapita asilimia 2 au 3 hivi, ukitia kostiki soda ya kuyageuza kuwa biodizeli unajipikia sabuni, labda uyapitishe kwanza kwenye asidi ya salfa na methanoli (ile alkoholi tunayochanganya na mafuta ili yageuke), ambayo ni siku nyingine ya kazi na hatari nyingine.

Halafu hiyo methanoli yenyewe. Lita 100 za mafuta zinataka kama lita 20. Mvuke wake unashika moto hata kwenye nyuzi 11, moto wake mchana huuoni vizuri, na mtu akiinywa inampofusha au inamuua. Kiwango cha Ulaya, EN 14214, kinasema isibaki zaidi ya asilimia 0.20 kwenye biodizeli. Sasa niambieni, hapo anayeonewa ni nani? Mteja wako anaweka dumu ndani ya nyumba akiamini ni kitu kisichowaka ovyo kama petroli, kumbe umemwachia methanoli humo.

Mwaka wangu wa kwanza nilimuuzia mtu mwenye trekta, wiki haijaisha filta imeziba. Nikamwambia ni uchafu wa tangi lako, maana kweli biodizeli ikiingia mara ya kwanza inang'oa mashapo ya zamani yote. Nilipofungua ile filta nikakuta ni sabuni yangu, sikuosha vizuri. Nililipa filta, lakini hakurudi tena, na majirani zake wote hawakuja.

Mchangiaji wa 1:
Mkuu nakuheshimu ila unaongea kama wenye viwanda. Vipimo vyote vya ASTM D6751, kile kiwango cha Marekani cha biodizeli, maabara inakutoza bei ileile uwe umeleta sampuli ya lita 200 au ya lita laki 2. Mwenzako anaigawa kwenye laki 2, mimi naigawa kwenye 200, faida yote imeishia hapo na bado sijalipa methanoli. Kiwango kilekile kwa watu wasiolingana siyo usawa hata kidogo. Na anayepika kwa ajili ya jenereta lake mwenyewe je, naye apeleke maabara?

Mchangiaji wa 2:
Nyote mnagombania kitu kidogo. Angalieni Marekani, walianza kutoa punguzo la kodi la dola 1 kwa galoni mwaka 2005, mwisho wa 2009 likakatika, likarudishwa Desemba 2010 na malipo ya nyuma. Mkubwa anaweza kukaa mwaka mzima akisubiri, mdogo ameshauza mtambo. Mimi nasema tudai sera zinazotabirika, hayo ya maabara yatajipa.

Mchangiaji wa 3:
Na gliserini, yale mabaki ya kupika, mbona hamuisemi? Kila lita 100 unabaki na karibu kilo 10 za kitu cheusi kina methanoli na sabuni ndani, mkubwa anaisafisha anauza, sisi tunajaza madumu nyuma ya nyumba. Kuna watu wanamwaga mtaroni jamani, tusifichane.

Mleta mada:
Wa 3 umesema kweli tupu, na hilo la mtaroni linaniuma kuliko yote.

Wa 1, anayechoma kwenye jenereta lake sina shida naye, injekta ni zake. Nazungumzia anayeuza. Hesabu yako ya maabara ni sahihi, naikubali, ila jibu lake siyo kufuta kipimo. Watu kumi wamimine kwenye tangi moja, lipimwe tangi, gharama wagawane. Najua utaniuliza, mmoja akimimina uchafu si ameharibu ya wote? Ndiyo, ndo maana kabla ya kumimina kila mtu afanye vile vipimo vya mezani: chukua mililita 3 za biodizeli tia kwenye mililita 27 za methanoli, kama kuna mafuta yanatulia chini ujue hayajageuka yote. Tikisa na maji kwenye chupa, ikiwa kama maziwa na haitengani, ni sabuni. Hivyo havihitaji maabara, vinahitaji uvumilivu tu, na chupa moja ya sampuli unayoiweka kila ukipika ili mteja akilalamika muwe na cha kuangalia.

Wa 2, sera tuidai, niko na wewe, lakini tukiulizwa mafuta yenu yakoje tutaonyesha nini?

Wa 1 naomba unijibu hili moja kabla hatujaendelea: ile ya mwisho uliyouza, uliijaribu hata kwa chupa ya maji?

Mchangiaji wa 1:
Hapana. Ila hilo la tangi moja nalitaka, nani analinda ufunguo?