Shimo mbele ya meza yangu Katuba: barua niipeleke wapi?

MamaMikate

Jamani, habari za leo. Miye nauza mikate ya kukaanga na chai huku Katuba, Lubumbashi, Kongo, pembeni ya avenyu (mtaa) yetu, pale teksi-bisi zinapokata kona asubuhi. Mbele ya meza yangu kuna shimo. Mwaka juzi lilikuwa kama sahani. Sasa beseni langu kubwa la unga linaingia lote na nafasi inabaki. Mvua ikinyesha linajaa, na mgeni hawezi kujua kina chake.

Wiki iliyopita motari (dereva wa pikipiki) mmoja alilikwepa, akaja moja kwa moja kwenye meza. Mwanangu wa darasa la tatu alikuwa amesimama hapo na begi mgongoni. Alichubuka goti tu, Mungu mkubwa, lakini karai la mafuta ya moto lilimwagika karibu kabisa na mguu wake. Bado nikifumba macho naona yale mafuta.

Msiseme hatukufanya kitu. Tulipiga salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, vijana wakaleta udongo wa kichuguu, wakajaza, wakakanyagakanyaga. Mvua ya kwanza ikaubeba wote. Jirani mmoja akamwaga beto (zege), akatengeneza tuta ili motari wapunguze mwendo, bila rangi, bila kibao. Usiku uleule mtu akaanguka nalo. Sasa tuna shimo na tuta.

Nikaandika barua, nikaipeleka ofisi moja mjini. Karani hata hakuifungua: "Mama, hii si yetu." Ya nani basi? Na kila nikinunua petroli ya jenereta naambiwa ndani ya bei mna hela za barabara. Barabara gani?

DerevaKasumba

Pole sana Mama, na mtoto apone. Mimi niko njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, huko tunalipa peaji (ushuru wa barabara) na lami ipo. Kinachotuua sisi ni kupitana. Malori mengi ya Zambia, Tanzania na Afrika Kusini yana usukani kulia, maana kwao wanaendesha kushoto, na sisi huku tunaendesha kulia. Dereva akitaka kupita lori jingine haoni kitu mpaka atoe nusu ya kichwa nje. Macho yake ni utingo: "Enda, enda... rudi!" Nimeshashuhudia "rudi" iliyochelewa.

Na wale wanaoharibikiwa wakapanga mawe nyuma ya lori, wakishatengeneza wanaondoka, mawe yanabaki palepale lamini. Usiku! Mama, kwa sasa simika tawi refu lenye majani katikati ya hilo shimo. Barua nawaachia wenye kujua.

KantonyeMstaafu

Mama, karani hakukudanganya, ila angekuonyesha njia. Barabara za nchi hii zina wenyewe mbalimbali. Barabara za taifa, kama namba 1 inayotoka Banana, baharini, ikapita Kinshasa, Kolwezi na Likasi hadi kwetu, ni za Office des Routes. Barabara za mjini pamoja na mifereji yake ni kazi ya Office des Voiries et Drainage, ile tunayoita OVD. Lakini avenyu ya ndani kama yenu anzia kwenye komini (kama manispaa), kwa sababu sheria ya ugatuzi ya 2008 iliipa komini kazi hiyo.

Hela za petroli yako zinaingia FONER, mfuko wa kutunza barabara ulioundwa mwaka huohuo wa 2008. Peaji za barabara nazo ni chanzo chake kingine. Ila mfuko haushiki koleo. Unalipa kazi zilizopangwa, na shimo ambalo halijaandikwa popote hakuna atakayelipanga.

Sasa hilo shimo lenyewe. Nimeshika koleo miaka mingi, nakuambia: tafuta maji kwanza. Lazima kuna kanivo (mfereji wa maji) iliyoziba karibu, maji yanasimama, yanapenya chini ya lami, udongo unalainika, gari likipita linaubonyeza. Mkiziba shimo na kanivo ikabaki imejaa sashe (vifuko vya plastiki), mnajisumbua. Na udongo wa kichuguu unatengeneza tofali nzuri kwa sababu unanata na kushika maji, ndiyo sababu barabarani haufai. Toa tope hadi ufike pagumu, chonga kingo zisimame wima, weka mawe na changarawe nyekundu tabaka kwa tabaka, kila tabaka ulishindilie kabla ya kuweka jingine. Lami waachie wenye mashine.

Barua iwe na jina la avenyu, vipimo, picha, tarehe ya ajali, na saini ya shefu wa kartiye (mkuu wa mtaa). Peleka nakala mbili, moja wakupigie muhuri wa kupokea, urudi nayo nyumbani. Na lile tuta litaje pia. Tuta bila ruhusa wala kibao ni mtego.

MwanaLubum_Iowa

Salamu kutoka Des Moines, Iowa, Marekani. Yaya (dada), mimi ni mtoto wa Kenya, komini ya Lubumbashi, siyo nchi! Nilidhani Marekani yote ni lami. Wapi! Vijijini hapa Iowa ni changarawe kilomita kwa kilomita. Idara ya usafiri ya jimbo ina barabara zake kubwa, kaunti 99 zina zao, miji ina yake. Kodi ya mafuta inaingia kapu moja, kisha sheria inagawa: jimbo asilimia 47.5, kaunti 24.5, barabara za kutolea mazao 8, miji 20. Nilipopiga simu kuhusu shimo la mtaani kwangu nikajibiwa "si yetu", sawasawa na karani wako. Ila wakanipa namba ya wenyewe.

Kitu kimoja kilinishtua: Jumatatu, vibao vya umeme kwenye barabara kuu vinaandika idadi ya waliokufa barabarani mwaka huo. Siku ya kwanza kusoma, mguu ulitoka wenyewe kwenye pedali ya mafuta.

MamaMikate

Asanteni sana. Tawi limeshasimama, na mtoto wa dada yangu anapiga picha kesho. Shefu wa kartiye amekubali kutia saini. Baba Kantonye, nimeiona kanivo iliyoziba: iko mbele ya nyumba ya yule yule wa tuta, na hatusalimiani tangu usiku ule. Nianzeje?

KantonyeMstaafu

Mpelekee mikate ingali moto. Koleo ulitaje baada ya chai.