Kuna anayekumbuka vibonzo vilivyokuwa na ndala ndogo ukurasani?

MamaTunu

Assalaam aleikum ndugu zangu, na habari za jioni kwenu nyote.

Naomba msaada wenu. Marehemu kaka yangu alikuwa mchora vibonzo hapa Dar es Salaam, tangu 1993 mpaka figo zilipomchukua mwaka 2004. Hakuwa mtu wa jina kubwa. Alichorea yale magazeti ya vibonzo na ya udaku yaliyokuwa yakizaliwa kila mwezi miaka ile, mengine yanatoka mara tano au sita halafu huyasikii tena. Mwenye gazeti mmoja alimkataza kabisa kuweka saini, akamwambia msomaji ananunua kichekesho, hanunui jina la mtu. Kaka hakubishana naye. Wiki iliyofuata akaanza kuchora ndala.

Ndala moja tu, ya mguu wa kushoto, mkanda umekatika na kushikizwa kwa pini. Ndogo kama punje ya kunde. Ilikuwa ndala ya mama yetu, aliyokuwa akiendea nayo sokoni Magomeni. Kila ukurasa aliificha mahali: uvunguni mwa kitanda, juu ya bati, kwenye mfuko wa shati la askari. Gazeti likiingia nyumbani hatukusoma kwanza. Tulikuwa tunaitafuta ndala, na atakayeiona mwanzo ndiye anayeruhusiwa kusoma kwa sauti.

Mama naye ametutoka mwaka jana. Nyumba inauzwa, na tulipokuwa tunatoa vitu likatoka sanduku la bati. Nimehesabu kurasa 112 za karatasi ya manila, zimechorwa kwa kalamu ya nibu na wino mweusi wa chupa. Pale alipokosea alipaka rangi nyeupe, na ukipitisha kidole unauhisi uvimbe wake. Kurasa kadhaa zina doa la mafuta ya taa, maana ile miaka ya mgawo wa umeme alichorea kwenye chemli.

Ndugu zangu wengine wanasema makaratasi ya marehemu yachomwe, hayana mtu. Mimi sikubali. Je, kuna mtu ana magazeti yenye ndala hiyo? Na kurasa hizi nizitunze vipi? Nyingine zimeanza kuwa njano na pini zake zimeshika kutu. Sina uwezo mkubwa, mume wangu ni fundi seremala na mimi nauza vitafunwa.

Mzee wa Kona

Pole sana dada. Usichome. Nakuomba usichome.

FundiPleti

Dada yangu MamaTunu, nimesoma nikalazimika kutoka nje kidogo.

Mimi nilikuwa fundi wa pleti, yaani yale mabamba ya kuchapia, kwenye kiwanda kimoja cha uchapaji, upande wa barabara ya Pugu, kati ya 1994 na 2001. Nisiwataje jina, hakipo tena. Kurasa zikija tunazipiga picha kwa ile kamera kubwa ya chumba cha giza, tunapata filamu, halafu tunaikagua juu ya meza ya taa. Kila doa la vumbi linaonekana kama tundu, na usipoliziba litatoka jeusi gazetini. Kazi yangu ilikuwa kushika brashi na ile rangi nyekundu, nikiziba matundu usiku kucha.

Usiku mmoja niliona kidoa pembeni kabisa mwa fremu ya mwisho, peke yake, hakigusi chochote. Nikakiziba. Gazeti likatoka.

Siku ya pili alikuja kijana mwembamba, shati la mikono mirefu, wino umemkauka kwenye ukucha wa kidole gumba. Gazeti amelikunja kwapani. Nilidhani amekuja kugomba. Akanifungulia ukurasa, akaniambia, "Kaka, hapa palikuwa na ndala ya mama yangu. Naomba siku nyingine uniachie." Basi. Akanionyesha na kurasa za nyuma mahali ilipokuwa imejificha, moja baada ya nyingine, mpaka na mimi nikaanza kuipenda. Tangu siku hiyo kazi yake ikifika kwangu nilikuwa naitafuta ndala kwanza, ndipo nashika brashi.

Sikujua kwamba amefariki. Nilihama Dar mwaka 2001, nikadhani na yeye amehamia kwenye magazeti makubwa. Ninazo nakala chache nilizobeba wakati kiwanda kinafungwa, ziko kwa mdogo wangu Tandika. Nitampigia leo hii.

Na huo ukurasa nilioufuta, naomba radhi kwake na kwako.

Kariokor254

Pole dada kutoka Nairobi. Sikumjua ndugu yako, lakini uchungu wa namna hiyo naujua kidogo, kwa sababu ya mchora vibonzo Frank Odoi.

Alikuwa mzaliwa wa Ghana, akaja Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970 na hakutoka tena. Huyo ndiye alituchorea Akokhan, hadithi ya watu wawili wenye nguvu za kichawi, shujaa na adui yake, kutoka masimulizi ya kwao Afrika Magharibi. Mimi nilikuwa kijana wa shule. Nilizoea kuona mashujaa wa kuruka hewani wakiwa na ngozi nyeupe na kofia za chuma. Hapa nikaona mtu mweusi amefungwa kitambaa kiunoni, misuli yote imechorwa mstari kwa mstari, anapigana na mzimu. Nilikata kila kipande na kukibandika kwenye daftari la hesabu.

Aprili 21, 2012 alikuwa amepanda matatu kama abiria yeyote, ikapata ajali hapa Nairobi. Hivyo tu. Nilisikia habari hiyo nikiwa kwenye matatu mimi mwenyewe, na nikashuka kabla ya kituo changu nikatembea.

Lakini yeye angalau alikuwa na jina, magazeti yaliandika, wenzake wachoraji walimlilia hadharani. Ndiyo sababu hadithi ya ndala imenigusa hivi. Huku kwetu hata Juha Kalulu, yule wa vibonzo vya gazetini, watu wazima wote wanamjua Juha, waulize aliyemchora. Wachache sana watakutajia Edward Gitau, na alimchora miongo na miongo.

FundiPleti

Kariokor254 umesema kweli, na hapa kwetu ni hivyo hivyo. Chakubanga wa gazeti la Uhuru alikuwa maarufu mpaka watu wakawa wanaita kibonzo chochote "chakubanga". Mchoraji wake, Christian Gregory, muulize kijana wa leo kama amewahi kumsikia. Na Philip Ndunguru wa SANI, lile jarida la vibonzo, alikufa akiwa kijana kabisa, miaka ya 1980. Wahusika wa SANI wakaendelea kuishi kwa mikono ya wachoraji wengine, na sisi wasomaji tukawa tunacheka vilevile kila toleo.

Makabrasha

Mimi ni mtunza nyaraka, kwa hiyo nitajibu upande wa utunzaji.

Usizipeleke kubandikwa plastiki, hata mtu akikwambia zitadumu. Lile joto na gundi yake huwezi kuvitoa tena. Selotepu pia hapana. Pini zenye kutu zinyooshe taratibu kutoka nyuma kwa kisu butu, usizivute. Zikae bapa, zisikunjwe, kila moja ndani ya karatasi nyeupe safi. Mumeo ni seremala, basi hapo una bahati: akutengenezee kabati la droo pana zisizo na kina, liinuliwe na matofali kwa ajili ya mchwa. Lisigusane na ukuta wa nje, kwa unyevu wa Dar. Usizianike juani hata kama zinanuka uvundo, zianike chumbani kwenye feni.

Halafu ziskaniwe, nukta 600 kwa inchi, kwa rangi hata kama ni wino mweusi mtupu. Ile rangi nyeupe na doa la mafuta ya taa ndivyo vinavyoonyesha alivyofanya kazi. Nyuma ya kila moja andika kwa penseli, siyo kalamu ya wino: jina lake kamili, mwaka kama unaujua, na hadithi ya ndala.

Magazeti yenyewe katafute Maktaba Kuu ya Taifa, na kitengo cha East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wachapishaji walitakiwa kupeleka nakala. Hayo madogo mengi hayakupelekwa, lakini usikate tamaa kabla hujaenda. Nenda na ukurasa mmoja mkononi, ulinganishe.

MamaTunu

Nimewasoma wote, na nimemsomea mume wangu kwa sauti. Tayari amechukua futi yake anapima ukurasa.

FundiPleti, kaka yangu, sina cha kukusamehe. Nimepekua sanduku usiku huu na nadhani nimeupata ukurasa huo. Ni mtu amelala foleni ya maji na ndoo kichwani. Ndala iko chini kulia, peke yake kama ulivyosema, na nyuma yake kaka ameandika kwa penseli: "imefutwa na jamaa wa pleti, kijana mzuri, tumeelewana".

Nitakuwa Tandika Jumamosi baada ya adhuhuri, inshallah. Mwambie mdogo wako nakuja na huo ukurasa, na vitumbua.